Vijana Wetu na Mpira wa Kikapu wa Ng'ambo

(Hotuba ya walimu iliyosomwa Rwekubo katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kamati ilitupa sisi walimu nafasi ya kuzungumza juu ya michezo. Tulidhani tutasema yale yanayosemwa kila mwaka, kwamba michezo ni afya na huleta umoja, kisha tukae chini ngoma ziendelee. Lakini mara hii hatuwezi. Kuna jambo limeingia katika madarasa yetu, na katika jambo hilo sisi wenyewe tuna lawama.

Zamani ukimwuliza mwanafunzi wa Nakivale atakuwa nani, alikujibu daktari, au rubani, au mfanyakazi wa shirika mwenye gari jeupe. Siku hizi kijana anasimama, anaweka kiganja juu ya kichwa chake kupima urefu, anasema, "Mwalimu, mimi nitakwenda kama Maluach." Na wenzake hawacheki. Wanampima kwa macho kuona kama anafaa.

Tuanze na aibu yetu, maana mwalimu akificha kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Tulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mrefu kuliko mlango wa darasa, mwenye mikono ya kushika mpira. Akaja mtu, amevaa vizuri, ana kompyuta ya mkononi, akakutana nasi Mbarara katika chumba cha kulia chakula, akatuonyesha picha za uwanja unaong'aa. Akasema ni wakala wa timu ya Uturuki. Alitaka shilingi milioni mbili na laki tatu za Uganda kwa ajili ya viza na usajili, nazo zitarudishwa kwenye mshahara wa kwanza. Mama wa kijana akauza mbuzi wawili na magunia ya mahindi aliyokuwa ameweka. Sisi walimu tukachanga kilichobaki. Barua ya kumsifu tuliiandika sisi, na muhuri tukaupiga sisi. Kijana akaenda Kampala, akakaa siku mbili kituo cha mabasi akimngoja mtu huyo, na simu ikawa haipatikani. Aliporudi aliteremka hapa hapa Rwekubo, akangoja giza liingie ndipo akatembea kwa miguu hadi kwao, asionwe na watu. Hakuja shuleni kwa mwaka mzima.

Chuo cha ualimu kilitufundisha kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Siku ile tuliingia bila andalio. Hatukuuliza hata swali moja ambalo tungemwuliza mtu anayetuuzia baiskeli. Kwa hiyo leo tumekuja na andalio. Tumesoma, tumeuliza, na tunataka kuwaambia vijana, na wazazi hasa, mambo haya yanavyokwenda kwa kweli.

Kwanza, Maluach mwenyewe, kwa sababu habari zake zinasimuliwa nusu. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006. Akiwa mdogo alikimbilia Uganda, akakulia Kawempe, Kampala. Ni mtoto wa nchi hii hii iliyotupokea sisi. Mwaka 2019 alikuwa akitembea barabarani, mtu mmoja wa pikipiki akamwona urefu wake, akamwambia aende acheze mpira wa kikapu. Alikuwa hajawahi kucheza. Viatu vya kumtosha havikupatikana, akaanza kucheza na kroksi za plastiki. Hadi hapo vijana wote wanaijua hadithi, na hapo ndipo wanapoikatia. Wanaruka kutoka kwenye kroksi moja kwa moja hadi Marekani.

Katikati kuna miaka 6, na ndani ya miaka hiyo kuna shule. Alichaguliwa kuingia NBA Academy Africa huko Saly, Senegal, mahali ambapo kijana alifanya mazoezi na pia alikaa darasani. Hakulipa ili aingie. Alionwa, akapimwa, akachukuliwa. Akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, na mwaka 2024 katika ligi hiyo alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala. Mwaka 2023 akachezea Sudan Kusini Kombe la Dunia akiwa na miaka 16, na mwaka 2024 Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke. Tarehe 25 Juni 2025 ndipo jina lake liliposomwa, la 10 katika orodha ya waliochaguliwa na timu za NBA, akapelekwa Phoenix. Alilia mbele ya kamera, jitu la futi 7 na inchi 2. Wengi wetu hapa tulioona picha hiyo tulilia naye, na hatuoni haya kusema.

Sasa angalieni tena njia hiyo. Chuo, ligi, timu ya taifa, chuo kikuu. Hakuna hatua hata moja ambapo mama yake aliuza mbuzi ili kumpa wakala.

Na kabla ya Maluach walikuwapo wengine waliomtengenezea njia. Wazee wanamkumbuka Manute Bol, Mdinka wa futi 7 na inchi 7, aliyechaguliwa na timu ya Washington mwaka 1985, akacheza Marekani miaka kumi. Fedha zake nyingi alizitoa kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan, mpaka yeye mwenyewe akaishiwa. Mwaka 2002 alikubali kupanda ulingo wa ndondi katika televisheni, mtu asiyekuwa bondia, kwa sharti kwamba watangaze namba ya simu ya mfuko wake wa kuchangia watoto wa Sudan. Alifariki mwaka 2010. Wako waliomcheka kwa ndondi hizo. Sisi tunaona kwamba wachezaji wachache sana wamewahi kufanya jambo la heshima kuliko lile.

Huyo Manute, wakati fulani akiwa Misri, aliwafundisha mpira wa kikapu watoto wa familia moja iliyokimbia kutoka Sudan. Mmoja wa hao alikuwa Luol Deng, aliyezaliwa Wau mwaka 1985. Familia ikapata hifadhi Uingereza, wakakaa London. Akiwa na miaka 14 Luol akapata nafasi ya shule huko New Jersey, Marekani, kisha akaenda Duke, na mwaka 2004 akachaguliwa wa 7, akachezea Chicago kwa karibu miaka kumi. Alipostaafu mwaka 2019 hakukaa nyumbani kuhesabu fedha. Akachukua uongozi wa mpira wa kikapu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 na isiyokuwa na uwanja wa ndani wa mchezo huo. Akakusanya watoto wa wakimbizi waliotawanyika Australia, Canada, Marekani na Uganda. Tarehe 20 Julai 2024, London, timu hiyo ilishindwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, katika mchezo wa kirafiki. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki yenyewe, ikaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Kabla ya mchezo huo waandaaji walipiga wimbo wa taifa usio wao, ule wa Sudan. Vijana wakasimama wameweka mikono kifuani mpaka wimbo wao ulipopatikana. Mkimbizi anayajua mambo hayo, ya kusomewa jina lisilo lako na kungoja lako.

Pili, hesabu, maana sisi ni walimu. NBA ina timu 30, na kila timu ina wachezaji 15 wa mkataba wa kawaida. Hao ni watu 450 kwa dunia nzima. Kila mwaka majina yanayochaguliwa ni kama 60. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa muda ligi ndogo, na kufikia 2014 NBA ilikuwa imekwisha kwake. Watu wa kwetu wakasema ameshindwa. Hakushindwa. Alikwenda Japani, akaenda Taiwan, akaendelea kulipwa kwa kazi yake. Wachezaji wengi wa kulipwa dunia hii ni wa namna hiyo, watu wa begi, msimu huu mji huu, msimu ujao mji mwingine.

Chukueni Nuni Omot. Mama yake alikimbia Ethiopia, yeye akazaliwa kambi ya wakimbizi Kenya, akapelekwa Minnesota angali mtoto. Amecheza Ujerumani, Italia, Puerto Rico, Misri. Mwaka 2023 Al Ahly ya Kairo ilichukua kombe la Ligi ya Afrika na yeye akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Au Duop Reath, mtoto aliyepita kambi ya wakimbizi Kenya akaenda Australia. Alizunguka Serbia, China na Lebanon kabla ya kuingia Portland ya NBA mwaka 2023. Serbia, China, Lebanon. Vijana, hizo nchi hamziandiki kwenye majalada ya madaftari yenu, lakini humo ndimo kazi ilimo. Na si lazima kuvuka bahari. Ligi ya Afrika ilianza Kigali mwaka 2021, na timu za bara hili zinaajiri wageni.

Kazi yenyewe ikoje? Ni mkataba, mara nyingi wa msimu mmoja, miezi minane au tisa. Mkataba mzuri unataja mshahara na tarehe ya kulipwa, nyumba, tikiti ya kwenda na kurudi, na nani atalipa hospitali goti likiumia. Goti likiumia na mkataba hausemi kitu, kijana anarudi anachechemea na mikono mitupu. Timu nyingine huchelewesha mishahara, na si Afrika tu, hata Ulaya. Malalamiko yamekuwa mengi kiasi kwamba tangu mwaka 2007 kuna baraza maalum la usuluhishi huko Geneva kwa ajili ya mikataba ya mpira wa kikapu, mchezaji na timu wanashtakiana humo. Lakini baraza hilo linasoma karatasi. Kijana asiyeweza kusoma ukurasa wa tatu wa mkataba wake, maandishi madogo, hana cha kupeleka Geneva. Hii ndiyo sababu tunawasumbua na Kiingereza na hesabu, si kwa sababu tunapenda kupiga kelele.

Sasa tufike kwa mawakala, hapo penye kidonda chetu. Shirikisho la dunia, FIBA, linataka wakala wa mchezaji anayehama nchi awe na leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Wakala wa kweli hula kutokana na mkataba, baada ya mchezaji kupata kazi. Yule anayetaka alipwe kabla kazi haijaonekana, huyo biashara yake ni mbuzi wetu. Tena, mchezaji anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine anahitaji barua ya ruhusa kutoka shirikisho la nchi anakotoka. Na aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa nchi kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu maalum, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yao mengine. Kijana wetu alikuwa na miaka 16. Swali moja tu juu ya umri lingetosha kumfukuza mtu yule pale mezani, nasi hatukuliuliza.

Kwa mkimbizi kuna mlima wa pili, nao ni karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya hati ya kusafiria, ile inayotokana na Mkataba wa 1951. Maombi yanapitia ofisi ya serikali inayotuhudumia sote. Inachukua muda, na baada ya hati bado kuna viza, na balozi zina maswali. Kwa hiyo hati haiombwi siku barua ya mwaliko inapofika. Na pasipokuwa na karatasi za familia zilizo sawa, hakuna pa kuanzia.

Hapa tunataka kusema jambo ambalo wazazi wengine hawatalipenda. Umri. Tunajua wakati wa kuandikishwa wengine walipunguza miaka ya watoto, wengine waliongeza, wengine hawakuwa na kumbukumbu, walikadiria tu kwa vita gani na masika gani. Hatumhukumu mtu aliyefika mpakani usiku na watoto watano. Lakini sasa wako vijana wanaotaka kupunguza miaka makusudi ili waonekane chipukizi. Mwaka 2016 huko Windsor, Canada, mchezaji kutoka Sudan Kusini alikuwa shuleni kama kijana wa miaka 17. Alama za vidole zikaonyesha kwamba alikwisha kuomba viza ya Marekani kwa tarehe ya kuzaliwa iliyomfanya awe na miaka 29. Akakamatwa. Dunia nzima ikaandika, na kila mtoto mrefu mweusi mwenye kadi ya mkimbizi aliyekuja baadaye akatazamwa kwa jicho lile lile. Wewe ukidanganya miaka yako, mdogo wako ndiye anayeulizwa.

Wako watakaosema walimu wanawavunja moyo watoto. Tunaelewa uchungu huo. Tangu mwaka 2025 mgao wa chakula ulipokatwa kwa wakimbizi wengi nchini Uganda, mama anayemtazama mtoto wake mrefu anaona gunia la unga. Tusimlaumu. Hata kamati ya Olimpiki ilipounda timu ya wakimbizi, watu 10 mwaka 2016 na watu 37 mwaka 2024, haikuwamo timu ya kikapu; mlango huo bado haupo, kwa hiyo milango mingine inasukumwa kwa nguvu zaidi. Sisi hatusemi watoto waache. Tunasema tuwapeleke kwa njia iliyopo. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa daktari. Timu ya chuo ilimkuta huko huko darasani. Daktari hakuwa, lakini mwaka 2007 Kinshasa ilipata hospitali aliyoijenga na kuipa jina la mama yake. Na Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi ambaye Kiswahili ni lugha ya mji wake, mwaka 2022 alitoa mshahara wake wa msimu kwa ajili ya hospitali kwa kumbukumbu ya baba yake. Wageni wetu wa mashirika, msaada wa masomo kwa mtoto mmoja huzaa mambo ambayo hayamo katika ripoti ya robo mwaka.

Na wasichana je? Tumezungumza muda wote huu kana kwamba mama hazai watoto warefu wa kike. Mwadi Mabika alitoka Kinshasa, akaichezea Zaire kwenye Olimpiki ya 1996, mwaka 1997 akaingia Los Angeles katika ligi ya wanawake ya Marekani mwaka ule ule ilipoanza, akachukua ubingwa mwaka 2001 na 2002. Katika uwanja wetu wasichana hupewa mpira wavulana wakichoka, yaani jua likizama. Hilo ni kosa la sisi tunaopanga ratiba, na kuanzia mwezi ujao tunalibadilisha. Jumanne na Alhamisi uwanja ni wao. Mvulana atakayekuja kuzomea atapewa fagio.

Sasa maombi yetu. Kwa wageni waheshimiwa, hatuombi jezi leo. Tunaomba siku moja kwa mwezi ambapo wazazi wanaweza kuja na kadi zao na kuuliza namna ya kusahihisha jina au tarehe iliyokosewa, kabla mtoto hajafika miaka 18 na kabla hajaitwa popote. Tunaomba pia ubao mmoja wa goli, maana ule wa upande wa ziwa umeoza, mpira ukigonga unaanguka wima kama embe.

Kwa Kamati, tumeleta daftari. Litakaa ofisini kwa Katibu. Mzazi yeyote atakayepata barua, ujumbe wa simu au mgeni anayezungumza habari za timu ya ng'ambo, aje aandikishe jina la mtu huyo kabla ya kutoa hata shilingi mia. Sisi tutatazama orodha ya FIBA, tutaandika kwa shirikisho la Kampala, na tutamjibu mzazi kwa maandishi. Hatutapiga muhuri barua yoyote isiyopita kwenye daftari hilo. Ukurasa wa kwanza tumeandika kisa chetu wenyewe, pamoja na kiasi cha fedha na ahadi zote alizotupa yule mtu, ili mwingine akija na maneno hayo hayo yatambulike. Katika fedha za mama yule tumekwisha kurudisha bei ya mbuzi mmoja. Wa pili tutamlipa mahindi yakivunwa.

Kijana mwenyewe amerudi kidato cha tatu. Anakaa dawati la nyuma kwa sababu ya miguu yake, na ameturuhusu kusema habari zake bila kutaja jina. Jumamosi saa kumi jioni yeye ndiye atakayewafundisha wadogo kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Wanaotaka kujiandikisha waje na nakala ya kadi ya familia na ripoti ya muhula uliopita. Viatu si lazima.